Maneno ya Kiingereza cha kale yanayotupiga chenga: yamo kwenye Biblia, yamo hata kwenye pasipoti

Fundi Kamusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, arudi usiku akishakula.

Nianze na kilichonileta. Mwezi uliopita tulikuwa na ibada ya nyumbani kwa jirani, akaja mhubiri mgeni na Biblia yake ya King James, ile iliyotoka 1611. Anaipenda, anasema Kiingereza chake kina mafuta. Akafungua Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, pale wake wanapoambiwa kwamba waume wasioliamini Neno wanaweza kuvutwa kwa "conversation of the wives". Basi akapanda nalo. Dakika arobaini kina mama wanafundishwa kuongea: usimpokee mlangoni na malalamiko, ngoja ale kwanza, sema taratibu, usimkatize. Ushauri haukuwa mbaya. Lakini mstari huohuo una maneno "without the word", yaani pasipo neno. Sasa mtu anavutwa vipi kwa mazungumzo yasiyo na neno?

Nilikuwa na Biblia ya Kiswahili mapajani, nikafunua kimyakimya: "wavutwe kwa mwenendo wa wake zao, pasipo lile Neno". Mwenendo! Mwaka 1611 "conversation" lilikuwa jinsi mtu anavyoishi na wenzake, tabia yake mbele ya watu. Petro alikuwa anawaambia kina mama wapunguze maneno, matendo yaonekane. Mgeni wetu kahubiri kinyume chake, tena kwa jasho.

Ndiyo hoja yangu. Watu wakisikia Kiingereza cha kale wanaogopa "thou", "hath" na "verily". Hayo hayana madhara kabisa. Ukikutana na "verily" unajua kwamba hujui, unauliza, unaambiwa ni "hakika", yameisha. Hatari iko kwenye maneno uliyoyajua tangu shule ya msingi. Nyumba ni ileile, rangi ileile, ila mpangaji kahama na mwingine kaingia, na wewe unagonga mlango ukimwita yule wa zamani.

Chukua "let". Leo ni kuruhusu. Nenda 2 Wathesalonike 2:7, King James inasema "he who now letteth will let". Kwa Kiingereza cha darasani utaelewa kwamba anayeruhusu ataendelea kuruhusu. Kiswahili kinasema "yuko azuiaye sasa". Kinyume kabisa! Kilichotokea ni kwamba zamani yalikuwa maneno mawili tofauti, "lætan" la kuachia na "lettan" la kuzuia. Karne zilivyokwenda sauti zikasogeleana mpaka yakawa mapacha, na maneno mawili yanayogombana kiasi hicho hayawezi kulala kitanda kimoja. La kuzuia likasukumwa chini. Lakini halikufa lote. Pasipoti ya Uingereza mpaka leo inaomba mwenye nayo apite "without let or hindrance", na ya Kenya inasema hivyohivyo. Kwenye tenisi nako, mpira wa kuanzishia ukigusa wavu ukaangukia sehemu halali, mwamuzi anaita "let". Haruhusu kitu pale, anasema kuna kizuizi, rudia.

"Prevent" nalo. Kwa Kilatini ni kuja mbele. Kwa hiyo 1 Wathesalonike 4:15 inaposema walio hai "shall not prevent" waliolala, haina maana kwamba kuna watu wanataka kuwazuia marehemu wasifufuke. Kiswahili kimelishika vizuri: "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti". Kutangulia. Ukimtangulia mtu mlangoni umemzibia njia, na hapo ndipo maana ya leo ilipozaliwa.

"Suffer the little children" sidhani kama inamsumbua mtu mzima hapa, kila mmoja aliimba "Waacheni watoto wadogo" Jumapili. "Suffer" lilikuwa kuvumilia, na ukivumilia jambo lifanyike umeliruhusu.

Halafu kuna yale yaliyopanda au kushuka cheo. "Nice" lilitoka Kilatini "nescius", asiyejua. Karne ya 14 ukimwita Mwingereza "nice" umemwita mjinga. Likapita kwenye kudeka, likapita kwenye kuchagua chagua, likapita kwenye umakini wa kupitiliza, mpaka likafika kwenye "zuri" karne ya 18. "Silly" lilishuka ngazi zilezile likielekea chini: lilianza likiwa ni mwenye heri, mbarikiwa, na ndugu yake wa Kijerumani "selig" bado ana maana hiyo. Mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa zuzu.

Linalonichekesha zaidi ni "villain". Huyu hakuwa mwovu. Alikuwa mtu wa shamba, mkulima aliyefungwa kwenye ardhi ya bwana wake. Waliokuwa wanaandika walikuwa watu wa majumba makubwa, na wao waliona mtu wa shamba hana adabu, asiye na adabu ni mwizi, mwizi ni muuaji. Tusicheke sana, kwani Pwani hapa "mshenzi" alikuwa nani? Mtu wa bara, basi. Leo ni tusi la kupigana.

Naweka nukta kwanza. Tupieni na nyie.

Nyama Choma FC

Mkuu umenigusa. Mke wangu ni Msabato na hali nyama. Kila Jumamosi namsomea Mwanzo 1:29 ya King James, Mungu anampa Adamu vitu "for meat". Namwambia unaona, meat! Ananiangalia tu. Nisaidie.

Fundi Kamusi

Kaka, umejipiga mwenyewe. Soma mstari wote. Anachopewa Adamu pale ni miche yenye mbegu na matunda ya miti. Kiswahili kinamalizia "vitakuwa ndivyo chakula chenu". "Meat" lilikuwa chakula chochote kile, na nyama ilikuwa "flesh". Ushahidi mkubwa zaidi uko Mambo ya Walawi sura ya 2: "meat offering" ya King James ni unga, mafuta na ubani. Haina hata mfupa. Kwetu tunaisoma sadaka ya unga. Shemeji anakuangalia kwa huruma tu huyo.

Nyama Choma FC

Sawa. Sitarudia.

Mwalimu wa Zamu

Hilo la "meat" lina mwenzake, "corn". Nilifundisha shule ya Jumapili miaka kadhaa, tukatumia kitabu cha picha cha Kiingereza. Wanafunzi wa Yesu wanapita shambani siku ya sabato wanachuma "ears of corn", Marko 2:23. Nikawaambia watoto wachore. Madaftari yote yakarudi na mahindi! Moja lilikuwa na jiko la mkaa pembeni, Petro anapuliza.

Mahindi yalitoka Amerika, na huku kwingine yalianza kuonekana baada ya safari ya Columbus ya 1492. Galilaya hayakuwepo. "Corn" kwa Mwingereza ni nafaka yoyote inayolimwa kwake, hasa ngano. Waliolibana likawa mahindi ni Wamarekani. Kiswahili kinasema "masuke" na kazi imekwisha, lakini watoto walishachora, ningefanyaje, nikawapa wote alama.

Mtoto wa Chuda

Uzi mzuri ila naomba kupinga. Thou ni heshima. Ndiyo maana wanamwambia Mungu "Thou". Mungu humwambii "you" kama unaongea na kondakta.

Fundi Kamusi

Hapana ndugu, na hapa ndipo wengi wanapoanguka.

"Thou" ni mtu mmoja, wewe. "Ye" ni wengi, ninyi. "Thee" na "you" ndiyo yaleyale yakiwa yametendewa, nakuona wewe, nawaona ninyi. Mwanzoni hapakuwa na heshima wala dharau, ilikuwa hesabu tu. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuitawala Uingereza kuanzia 1066, tabia ya Kifaransa ya kumwita mkubwa mmoja kwa wingi ikaingia. Bwana akawa "you". Waliobaki na "thou" ni mtoto, mtumishi, mpenzi, rafiki wa kushibana, na adui unayemtukana. Mungu alibaki hukohuko kwa wa karibu, na watafsiri wa 1611 walifuata pia umoja na wingi wa Kiebrania na Kigiriki.

Mwaka 1603 Sir Walter Raleigh alishtakiwa kwa uhaini huko Winchester. Mwendesha mashtaka, Edward Coke, alipopandwa na hasira alimwambia "I thou thee, thou traitor". Kalifanya neno "thou" kuwa kitenzi! Kama angekuwa wa kwetu angesema "nakuita we, we msaliti we". Miaka hamsini hivi baadaye wakaja Waquaker, kundi la Kikristo la Uingereza, na kiongozi wao George Fox, wakakataa kumwita mtu mmoja kwa wingi hata awe hakimu, kwa sababu mbele za Mungu wote sawa. Walipigwa na wengine wakafungwa. Ukimwambia mzee wa Pwani "we!" halafu ukamweleza kwamba ni usawa mbele za Mungu, utaona hiyo fimbo inatoka wapi.

Mtoto wa Chuda

Nimekubali la Coke. Lakini basi lina faida gani leo, si bora waliondoe tu kwenye Biblia?

Fundi Kamusi

Waliliondoa na wakapoteza kitu. Tazama Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Petro kwamba Shetani "hath desired to have you", halafu "I have prayed for thee". Kwenye Biblia ya Kiingereza cha leo yote ni "you", msomaji anadhani Shetani anamtaka Petro peke yake. Kiswahili kinakuonyesha bila shida: Shetani "amewataka ninyi", yaani kundi zima, "lakini nimekuombea wewe". Wote wanapepetwa, anaombewa mmoja ili awaimarishe wenzake. Au Yohana 3:7, Nikodemo: "nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili". Anaambiwa mmoja, wanaotakiwa kuzaliwa upya ni wengi. King James ina "thee" na "ye" palepale. Kiingereza cha sasa kinabidi kiweke tanbihi chini ya ukurasa kusema kile ambacho Kiswahili kimekisema kwa "ku-" na "ham-".

Kwa hiyo yule mhubiri wetu alikuwa na haki ya kuipenda King James. Shida yake ni kwamba aliisoma kama gazeti la jana.

Binti Pangani

Hodi jamani. Naona mmejaa kanisani, mimi nawaletea la bibi yangu. Bibi alikuwa na juzi, jana, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo. Ukimwambia nitakuja kesho kutwa anakuuliza "au mtondo?", na ukikosea siku anakukumbusha. Nikawa namwonea huruma Mzungu, mpaka aseme "the day after tomorrow", maneno manne!

Fundi Kamusi

Dada, usimwonee huruma, alikuwa nalo akalitupa. "Overmorrow". Limo kwenye Biblia ya Miles Coverdale ya 1535, na Mjerumani bado ana "übermorgen" yake. Na juzi ilikuwa "ereyesterday". Nasikitika kusema na sisi tunaelekea hukohuko, vijana wangapi hapa wanajua mtondogoo?

Na ongeza "fortnight", wiki mbili, ambalo bado linaishi Uingereza. Ni usiku kumi na nne. Alikuwapo na mdogo wake "sennight", usiku saba, wiki moja, huyo keshakufa. Walikuwa wanahesabu usiku badala ya mchana. Tacitus, mwandishi wa Kirumi, mwaka 98 aliandika kwamba makabila ya Kijerumani yanahesabu hivyo, kwao usiku unautangulia mchana. Bibi yako asingeshangaa: kwake Alhamisi jua likizama ni usiku wa Ijumaa.

Binti Pangani

Ndivyo hivyo! Na mgeni wa Dar akialikwa "usiku wa Ijumaa" anafika chakula kimeshaliwa jana.

Mkunga Dume

Mimi ni mkunga, mwanaume. Chuoni nilitaniwa miaka yote, "wewe ni wife wa nani?" kwa sababu cheti kinasema "midwife". Kuna mwenye jibu la kuwafunga midomo?

Fundi Kamusi

Unalo tangu siku ya kwanza. "Mid" hapo si katikati, ni "pamoja na", sawa na "mit" ya Kijerumani. Na "wif" lilikuwa mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa. "Midwife" ni yule aliye pamoja na mwanamke. Huyo "wife" ni mama aliye kitandani, wewe ni "mid". Jinsia ya mkunga haimo kabisa kwenye neno.

Na "man" naye alikuwa binadamu tu. Mwanaume alikuwa "wer", ambaye amebaki kwenye "werewolf", mtu anayegeuka mbwa mwitu. "Girl" alikuwa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume. Ukisoma maandishi ya wakati huo kwa macho ya leo utadhani kijiji kizima kilizaa mabinti.

Mkunga Dume

Asante mkuu, nabandika mlangoni. Na mimi nichangie. Mama anaposema kwa mara ya kwanza "mtoto amecheza", kitabu chetu kinaita "quickening", kwenye wiki ya 16 hadi 20 hivi. Nilikuwa nadhani ni haraka, kwamba mtoto anaharakisha. Mwalimu mmoja mzee ndiye aliyetuambia "quick" ni hai.

Fundi Kamusi

Naam. "The quick and the dead" kwenye Imani ya Mitume ni walio hai na wafu. Sio wenye mbio na waliochelewa kuvuka barabara. "Quicksilver" ni zebaki, fedha iliyo hai, imwage sakafuni uone inavyokimbia. Na ukikata kucha ukafika kwenye nyama inayouma, umefika kwenye "the quick". Kilicho hai hujongea, kinachojongea kina kasi, ndiyo njia lilikopitia.

Kibarua wa Leeds

Niko huku baridi. Wikiendi moja tulikwenda York, kuna uchochoro mwembamba wa nyumba za mbao zilizoinamiana unaitwa The Shambles. Ninavyojua "shambles" ni vurugu, ofisini kila siku bosi anasema ripoti yangu ni "a shambles". Nikaona kumepangwa vizuri tu, maduka, watalii. Vurugu iko wapi?

Fundi Kamusi

Ulisimama buchani, kaka. Neno lilianza likiwa kigoda, kiti kidogo cha mbao. Likawa meza ya kuuzia, halafu meza ya nyama, halafu mtaa wa wauza nyama, na huo wa York ndio huo. Likaenda mpaka machinjioni, likachukua damu na matumbo, na mwisho kila kilichovurugika kikaitwa "shambles". King James kwenye 1 Wakorintho 10:25 inasema kila kinachouzwa "in the shambles" kuleni. Kwetu ni "sokoni". Bosi wako anasema ripoti yako inatiririka damu, ila naye hajui.

Mzee wa Data

Maneno haya yana asili za kufurahisha sana. Kama GOLF, ni kifupi cha "Gentlemen Only, Ladies Forbidden". Nilitumiwa kwenye grupu.

Fundi Kamusi

Mzee wangu, hiyo ifute. Bunge la Scotland lilipiga marufuku gofu mwaka 1457 kwa sababu vijana waliacha mazoezi ya upinde, na neno lilikuwa limeshakuwepo na tahajia zake za ajabuajabu. Mtindo wa kuunda neno kwa herufi za mwanzo ni wa karne ya 20. Ukiambiwa neno la kale ni kifupi cha sentensi nzima, shika mfuko wako.

Anayetaka kuhakikisha aende kwenye kamusi kubwa ya Oxford. Wazo lilianza 1857, kitabu cha kwanza kikatoka 1884, na walimaliza 1928. James Murray, aliyeisimamia muda mrefu kuliko wote, alifariki 1915 hajaiona imekwisha. Uzuri wake haianzi na maana ya leo. Inaanza na ya kwanza kabisa kuandikwa na kuteremka nayo, kila hatua na sentensi ya mtu aliyeitumia na mwaka wake. Unaona wapangaji wote waliopita kwenye nyumba.

Kidato cha Tano

Samahani wakubwa. Kwenye picha za maduka naona "Ye Olde Shop". Hiyo "ye" ni ile ya ninyi?

Fundi Kamusi

Swali la akili hilo. Hapana, hiyo haikuwa "ye" hata siku moja. Kiingereza kilikuwa na herufi ya "th", þ. Mashine za kuchapia zilipotoka Ulaya bara hazikuwa nayo, wachapaji wakaweka "y" kwa sababu kwenye mwandiko zilishafanana. Waliosoma wakati huo waliona "y" wakatamka "the". Ukisema "yi oldi" unatamka kosa la mpiga chapa.

Na kwa kuwa wewe ni mwanafunzi, chukua na hili kabla sijalala. "Wherefore art thou Romeo" kwenye Shakespeare watu wanaigiza kwa kuchungulia, kana kwamba binti anamtafuta, yuko wapi. "Wherefore" ni "kwa nini". Juliet analalamika: mbona wewe ni Romeo, mtoto wa adui zetu? Romeo mwenyewe yuko palepale chini anasikiliza.

Kidato cha Tano

Duh. Tumeigiza hivyo mahafali yote. Mimi ndiye niliyekuwa nachungulia.

Binti Pangani

Fundi, hujamaliza. Yule mhubiri ulimwambia?

Fundi Kamusi

Sikumwambia. Nilimwonyesha mke wake tulipokuwa tunakunywa chai, mistari miwili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Akasoma, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema, "Mwache tu baba. Mimi mwenyewe miaka ishirini sasa namvuta kwa hiyo ya Kiswahili."